Siri ya Kwanza ni Kwamba Ulikuja

Hotuba ya mwanasaikolojia kwa wakazi wa mtaa mmoja jijini Dodoma

Mbukwenyi!

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, viongozi wetu wa dini, wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, vijana, habari za mchana. Nawashukuru kwa kunialika, na nawashukuru zaidi kwa kuja wengi hivi siku ya Jumamosi, jua hili na vumbi hili, kusikiliza mambo ya saikolojia.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nizungumzie jinsi tunavyotunza siri za wateja. Nikamuuliza, mbona hilo? Akaniambia: watu mtaani kwangu wana shida zao, wanajua mpo, lakini hawaji, wanaogopa kusemwa. Basi leo sitagusa dalili za sonona wala malezi ya vijana. Nitawaeleza ofisi kama yetu inafanya nini na jina lako, namba yako ya simu na maneno yako, tangu siku unapopiga simu mpaka siku faili lako linapochomwa moto.

Mtu akisikia "siri za wateja" anafikiria yale yanayosemwa mlango ukishafungwa: ndoa, pombe, deni la kausha damu, mtoto aliyeshindikana. Hizo ni siri kweli. Ila kwa Dodoma yetu kuna siri inayozitangulia zote, nayo ndiyo inayovuja upesi kuliko zote: kwamba ulikuja. Nchi nzima mtu akifanya kituko anaambiwa, "Huyu apelekwe Mirembe." Hospitali yenyewe ya taifa ya afya ya akili iko hapa kwetu, imetibu watu tangu enzi za Mwingereza, na badala ya kujivunia tumeigeuza tusi. Ukiongeza kwamba huu ni mji wa watumishi, mnafanya kazi wizara moja, mnaswali msikiti mmoja, watoto wenu wanapanda basi moja la shule, utaelewa kwa nini mtu akionekana anatoka kwenye mlango wenye kibao cha saikolojia, habari inafika nyumbani kabla yake.

Ndiyo maana nasema, mkitaka kuipima ofisi ya mwanasaikolojia, msianze na mwanasaikolojia. Huyo amesomea kunyamaza. Angalieni mapokezi.

Angalieni, kwa mfano, kitabu cha wageni. Ni ofisi chache Tanzania zisizo na kile kitabu. Kirefu, jalada gumu, kalamu imefungwa kwa kamba ili isiibiwe, na mistari imepigwa kwa rula: tarehe, jina, unakotoka, namba ya simu, unayemwona, shida, sahihi. Wewe unaandika jina lako mstari wa kumi na mbili, na wakati unaandika, macho yanapanda juu. Umemwona wa kumi na moja. Umemwona wa tisa, kumbe ni jirani. Na safu ya "shida" ndiyo balaa kabisa, maana Mtanzania ni mkweli kwenye kitabu cha wageni. Wengine wanaandika "binafsi" lakini wengine wanaandika "ndoa". Atakayekuja baada yako naye atasoma. Ofisi ya ardhi haina hasara hapo. Ofisi ya ushauri nasaha ikiweka kitabu hicho mezani, imeshawatangaza wateja wake wote kabla hata hawajaketi. Kwetu hakipo. Kuna vikaratasi vyenye namba, unapewa kimoja, na orodha ya nani ni namba gani iko kwenye kompyuta ambayo kioo chake kimegeuziwa ukuta.

Dada wa mapokezi akipiga simu kukukumbusha miadi, anaomba kuzungumza na wewe kwa jina, na akipokea mwingine anasema atapiga baadaye. Hatamwambia mumeo anapiga kutoka wapi. Hataacha ujumbe kwa mtoto. Siku ya kwanza tunakuuliza: tukupigie au tukuandikie? Saa ngapi simu iko mkononi mwako mwenyewe? Kuna mteja anayesema nipigie mchana nikiwa kazini, na mwingine anasema kazini kamwe, hapo ndipo penye matatizo. Yote tunayaandika, tunayafuata. Nafasi tunaziachia muda katikati ili anayetoka asikumbane mlangoni na anayeingia. Hilo linatupunguzia wateja kwa siku, na mhasibu wetu halipendi.

Halafu pesa. Ukilipa kwa simu, ujumbe unaorudi una kiasi, saa, na jina la biashara uliyoilipa. Watu wengi hapa simu zao zinasomwa na wenza wao, tusidanganyane. Kama jina lililosajiliwa kwenye lipa namba linataja saikolojia, huo ujumbe ni barua kwa mumeo au mkeo. Ofisi inaweza kusajili jina la biashara lisiloeleza huduma. Uliza mapema ofisini litatokea jina gani, na kama hulitaki, lipa taslimu. Risiti ya mashine utapewa, hiyo ni sheria, lakini jina lako haliandikwi kwenye risiti usipolitoa.

Na la mtaani. Hili linawaudhi watu wasipoelezwa. Nikikutana na mteja wangu pale Soko la Majengo, au Nyerere Square jioni, simsalimii kwanza. Kwa mila zetu huo ni ujeuri, najua. Mtu mzima anapita, unamwangalia tu? Lakini nikikuita kwa jina ukiwa na shemeji yako, swali litakalofuata ni "yule unamjuaje?", na sasa nimekutwisha kazi ya kutunga uongo. Kwa hiyo tunakubaliana tangu siku ya kwanza: ukinisalimia nitaitika vizuri kabisa, tutaulizana habari za vumbi na mvua, na sitakuuliza unaendeleaje. Usiponisalimia tutapishana, wala sitanuna.

Sasa tuingie ndani, kwenye faili.

Ni wateja wachache wanaouliza: unaandika nini hapo? Ingefaa wote muulize. Mwanasaikolojia anaandika, hawezi kukumbuka yote kichwani, na akiugua au akihama lazima mwenzake aweze kukuendeleza. Lakini kuandika kuna kipimo. Kwenye kumbukumbu rasmi naandika kwamba ulikuja tarehe fulani, tulishughulikia nini kwa ujumla, hali yako ikoje, kuna hatari au hakuna, na tumekubaliana nini mpaka tukutane tena. Jina la yule mwanamke wa pembeni haliingii. Kiasi cha pesa ulichochukua kwenye kikoba hakiingii. Kwa tiba hayaongezi kitu, na kwa umbea yanatosha sherehe nzima. Jalada la nje lina namba peke yake. Majina yanakaa mahali pengine, na makabati ni ya chuma, funguo ni mbili na wanaozishika wanajulikana.

Kwa nini tunabana hivyo? Nitawapa kisa cha mbali, cha Ufini huko Ulaya, nchi yenye sheria kali kuliko zetu. Kulikuwa na kampuni ya tiba ya kisaikolojia iitwayo Vastaamo, yenye matawi mengi. Kumbukumbu za wateja waliziweka kwenye kompyuta iliyounganishwa na intaneti bila ulinzi wa kutosha. Mwizi akaingia, akachota. Mwaka 2020 akaitaka kampuni imlipe, ikakataa, ndipo akawageukia wateja wenyewe, mmoja mmoja, kwa barua pepe: nipe yuro 200 la sivyo naweka mazungumzo yako hadharani. Watu walioguswa walikuwa kama 33,000. Kumbukumbu nyingine kweli alizimwaga, na ndani yake mlikuwa na maelezo ya mazungumzo kama alivyoyaandika mtaalamu baada ya kila kikao. Kampuni ilifilisika mwaka uliofuata. Mwizi alihukumiwa Aprili 2024, miaka sita na miezi mitatu jela. Lakini hakimu hawezi kuyarudisha maneno ndani. Mimi nilipokisoma kisa hicho sikushangazwa sana na mwizi, wezi wapo. Nilijiuliza mengi ya yale yaliandikwa kwa faida ya nani.

Ninyi mtasema sisi hatuna mifumo mikubwa hivyo. Ni kweli, sisi wizi wetu ni wa karatasi. Nani hapa hajawahi kununua karanga zilizofungwa kwenye karatasi ya mtihani wa mtoto wa watu? Maandazi kwenye barua ya ofisi yenye mhuri? Karatasi za ofisini zinauzwa kwa kilo, zinakwenda sokoni, na mtu anakula vitumbua huku anasoma mshahara wa mwenzake. Siku faili la mteja linapomaliza muda wake, kwetu halitupwi jalalani na haliuzwi. Linachanwa, linachomwa, wawili wanasimama hapo mpaka liwe majivu, na tunaandika kwamba namba fulani imeteketezwa. Vilevile tumeandika, mimi nikifa ghafla au nikifunga ofisi, mafaili yatakabidhiwa mtaalamu gani. Watoto wangu hawatayarithi pamoja na viti.

Simu nayo ni kabati, na watu wanalisahau. Mteja ananitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba WhatsApp, saa sita usiku, ameeleza kila kitu. Anaamini umeishia kwangu. Umebaki kwenye simu yake pia, na simu hiyo ikivunjika kioo inakwenda kwa fundi, na fundi atasema, "Niachie nywila nijaribu." Kwa hiyo kwa ujumbe tunapanga miadi tu. Yenye uzito tunayaongea. Anayeongea kwa simu tunamuuliza kwanza uko wapi, kwa sababu wengi wetu tunaishi nyumba za kupanga, ukuta ni tofali moja, na mwenye chumba cha pili amezima redio ili asikie vizuri. Kuna wanaotoka nje wakatembea mpaka uwanjani. Anayeishi Ilazo anaweza kukaa kwenye gari lake akapandisha vioo. Anayeishi chumba kimoja Chang'ombe na watoto watatu, huyo ni afadhali aje mwenyewe, tutazungumza nauli.

Lugha nayo. Wanakuja wazee kutoka Bahi na Chamwino ambao shida zao ziko kwa Kigogo, na wengine kutoka Kondoa ambao Kiswahili chao ni cha sokoni, cha moyoni ni Kirangi. Wanakuja na mjukuu au mkwe wa kutafsiri. Mnaona tatizo? Bibi anataka kusema habari za mkwe, na mkwe ndiye mkalimani. Bibi atasema kichwa kinamuuma, basi. Tunajitahidi kutafuta mkalimani asiye ndugu, aliyetia sahihi kiapo cha kutunza siri, na anayetoka wilaya nyingine ikiwezekana. Haiwezekani kila mara, nawaambia ukweli.

Wapo pia wanafunzi wa vyuo wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Hawaketi chumbani mpaka wewe ukubali, na ukikataa hutaulizwa sababu. Na mimi mwenyewe ninapokwama hushauriana na mwenzangu mwandamizi, bila kutaja jina. Lakini Dodoma kutotaja jina hakutoshi. Nikisema "mkurugenzi mmoja mwanamke, ana mapacha, mumewe yuko Mwanza," nimeshamtaja. Kwa hiyo nabadilisha mpaka hata wewe mwenyewe usingejitambua. Na visa nilivyovitaja leo hapa, kama kuna mtu anasema moyoni "hapo kanisema mimi," hapana. Nimevichanganya.

Sheria inasemaje? Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Kwa miaka mingi ilibaki hivyo, kauli nzuri. Kisha Bunge, hapa hapa Dodoma, likatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na ikaunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa za afya sheria inazihesabu kuwa nyeti, na kuzishughulikia kunadai ridhaa yako ya maandishi, isipokuwa kwa sababu chache ilizozitaja yenyewe. Ofisi inayokusanya taarifa za watu inatakiwa kusajiliwa na Tume. Unayo haki ya kuuliza wana nini juu yako, kuonyeshwa, na kudai kilichokosewa kirekebishwe. Anayetoa taarifa za mtu kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka 10 au kutozwa faini hadi shilingi milioni 20, au vyote viwili. Ikiwa ni kampuni, faini inaweza kufika shilingi bilioni 5. Kwa hiyo karani akitoa siri yako kwenye kijiwe cha kahawa, usiishie kununa. Kuna mahali pa kulalamika.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu. Siri yetu ina mipaka, na mwanasaikolojia anayekuambia "chochote utakachosema hakitatoka hapa" amekudanganya, hata kama kwa nia njema. Mipaka hiyo unaambiwa siku ya kwanza, kabla hujafungua mdomo, ili uchague mwenyewe unasema nini. Kuiambia baada ya mtu kusema ni kumtega.

Mpaka mmoja ni mtoto. Nikipata ushahidi kwamba mtoto anapigwa kupita kiasi, anabakwa, anaandaliwa kukeketwa, na mkoa wetu huu jamani tunajua, sitanyamaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote katika jamii, siyo mimi peke yangu, atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Nitakwenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Na ninyi mnaweza kupiga 116, ni bure.

Mpaka mwingine ni mtu aliyepanga kumdhuru mwingine. Kuna kesi inafundishwa vyuo vingi vya saikolojia duniani. Mwaka 1969, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, mwanafunzi aitwaye Prosenjit Poddar alimwambia mwanasaikolojia wake kwamba atamuua msichana, Tatiana Tarasoff. Mwanasaikolojia akawaarifu askari wa chuo, wakamkamata kijana kwa muda, wakamwona ana akili zake, wakamwachia. Msichana mwenyewe hakuambiwa na mtu. Wazazi wake hawakuambiwa. Akauawa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kumlinda anayetishiwa. Hukumu hiyo si ya Tanzania. Lakini niulizeni mimi kama baba: mteja akiniambia ana panga chini ya kitanda na leo usiku anamsubiri mkewe, nitakaa na siri hiyo? Sikai. Mtu aliyekasirika akasema "nitamuua huyu mwanamke" kama sote tunavyosema tukiwa na hasira, huyo sikimbilii polisi, naongea naye mpaka ijulikane kama ni hasira au ni mpango. Hiyo ndiyo kazi.

Wa tatu ni hatari kwako mwenyewe, na hapa nataka niende polepole, kwa sababu nadhani ndiyo sababu kubwa ya watu kutokuja. Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Binafsi naona mtu aliyefika hapo anahitaji kitanda na mtu wa kukaa naye, rumande haimtibu, na ningependa kifungu hicho kiondoke. Lakini kipo, na watu wanakijua, kwa hiyo mtu mwenye mawazo ya kufa anakaa mbele yangu anasema "silali vizuri," anaishia hapo. Anaogopa nitaita polisi. Sikilizeni: kuwa na mawazo ya kufa na kuyasema si kosa kwa mtu yeyote, na ukiniambia hayo, jambo la kwanza nitakalofanya ni kukuuliza zaidi. Wengi tunayamaliza tukiwa wawili, tunapanga jinsi ya kuvuka wiki hii, tunaondoa dawa ya wadudu nyumbani. Nikiona huwezi kufika kesho salama, ndipo nampigia mtu mmoja. Mtu gani? Yule uliyemwandika wewe mwenyewe siku ya kwanza, kwenye mstari wa mtu wa kuarifiwa. Msiandike mstari huo kwa haraka, jamani. Watu wanamwandika mume au mke kwa mazoea, wakati huyo ndiye tatizo. Mwandike dada yako wa Mpwapwa anayekusikiliza. Kisha nitaenda nawe hospitali, na kwa ndugu yule nitasema kinachohitajika usiku ule upite, sitamsimulia maisha yako.

Na mahakama. Sheria ya Ushahidi inalinda maneno unayomwambia wakili wako. Mwanasaikolojia hana kinga ya namna hiyo. Hakimu akiniamuru kuleta faili, naweza kuomba nipeleke sehemu inayohusu tu, naweza kuomba isisomwe mbele ya watu, lakini siwezi kulificha. Polisi kupiga simu bila hati yoyote, au wakili wa mumeo kuja na bahasha, hiyo si amri ya mahakama. Hao hawaambiwi hata kama unakuja kwetu au huji.

Wasio mahakama wanaotaka kujua ni wengi, na ndio wanaotusumbua kila wiki. Mwajiri ndiye wa kwanza. Idara inamlipia mtumishi wake vikao, halafu afisa utumishi anapiga: "Maendeleo yake vipi? Anaweza kupewa cheo?" Anadhani amelipa, basi amenunua na majibu. Tunamjibu kilichokubaliwa kwa maandishi na mtumishi, na kwa kawaida ni kimoja: kwamba amehudhuria. Ofisi ikitaka zaidi ya hapo, mtumishi asome kwanza kitakachoandikwa, ndipo atie sahihi. Tumewahi kukosa mkataba kwa msimamo huo, na hewala.

Bima nayo. Fomu ya madai inataka utambuzi wa ugonjwa, mara nyingi kwa msimbo wa kimataifa wa ICD-10. Ukiona herufi F ikifuatwa na namba, ujue ni magonjwa ya akili na tabia. F32 ni sonona, F10 ni matatizo ya pombe. Fomu hiyo inapita mikononi mwa watu kadhaa kabla hujarudishiwa pesa. Si vibaya, bima ni haki yako uliyoilipia. Ila una haki ya kuambiwa nitaandika herufi gani kabla sijaandika, na wapo wanaosema basi nitalipa mfukoni.

Wachungaji na masheikh, nisameheni, niwaseme kidogo. Mnatuletea watu, na tunashukuru sana. Lakini baada ya wiki mbili mnapiga: "Yule kondoo wangu aliwahi kufika?" Jibu letu litakuwa, "Mchungaji, siwezi kusema kama alifika au hakufika." Si dharau. Nikisema alifika nimetoa siri ya kwanza. Nikikuambia hakufika leo, kesho nikikataa kujibu utajua kafika. Mwulizeni yeye.

Na mama wa kidato cha tatu. Huyu ananitesa kuliko wote, maana ana haki yake. Ameleta binti, amelipa, amekaa kwenye benchi saa nzima, mlango ukifunguliwa anauliza, "Amesema nini?" Binti ana miaka kumi na sita, kisheria ni mtoto, na mama ndiye aliyetia sahihi ya ridhaa. Nikimficha mama kila kitu, atamwondoa. Nikimwambia kila kitu, binti hatasema tena neno la maana. Kwa hiyo kikao cha kwanza tunakaa watatu. Nasema mbele yao wote: mama, ikiwepo hatari, ujauzito, kujikata, mtu mzima anayemsumbua, utajua, na tutakuambia mimi na binti yako pamoja. Habari za nani anampenda nani na nani kamnunia nani, hizo utaniachia. Mama wengi wanakubali pale. Wengine wanakubali pale na kunipigia wakifika Nkuhungu.

Wenzi wawili wanaokuja pamoja tunawaambia kitu kingine: hatupokei siri ya mmoja dhidi ya mwenzake. Mume akinifuata kwenye ngazi, "Mwalimu, kuna jambo asilijue," namkatiza kabla hajafika kwenye jambo. Kwenye vikundi, kama vya wanaoacha pombe, mimi nabanwa na taaluma yangu lakini aliyekaa kushoto kwako anabanwa na ahadi yake tu. Tunaahidiana, na wengi wanashika. Ila sikudhaminii mtu mwingine, na nitakuambia hivyo kabla hujajiunga.

Basi, mwenyekiti ameshaniangalia mara mbili na saa yake. Maswali karibuni, mnyooshe mikono, kuna kipaza sauti cha kuzunguka. Ulizeni kuhusu sheria, bei, mafaili, chochote cha jumla. Aliye na la kwake mwenyewe asiliulize hapa, hata akianza na "kuna rafiki yangu," tunawajua hao marafiki. Namba ya ofisi imebandikwa pale mlangoni. Msiipige picha mkisimama foleni hapo. Ichukueni mkipita, kila mtu kwa wakati wake, na ukiandika ujumbe usieleze. Andika tu "naomba nafasi," na saa ambayo simu iko mikononi mwako.